Benchi la Mardi

Mwanangu,

Usicheke. Najua ukiona mwandiko huu wa shule utasema, "Leo Mama ameamua kuniandikia." Cheka kidogo basi, kisha ukae, usome mpaka mwisho, maana nina maneno ambayo binti hawezi kumwambia baba yake. Mama anaweza kumwambia mtoto wake. Na kiti cha mama ulinipa wewe mwenyewe siku niliyozaliwa, uliponipa jina la mama yako Veronika, aliyekuwa ameshazikwa, ukaenda nyumba kwa nyumba katika kartye yetu, mtaa mzima, ukisema mama yako amerudi. Tangu hapo hujaniita Vero. Unaniita Mama. Ukirudi jioni unazima pikipiki na kuuliza kwa sauti, majirani wasikie, "Mama yangu amekula?" Na kila unaposafiri, hata ikiwa ni kwenda Tchomia tu kumchukulia mtu samaki, unakuja mbele yangu na kuinamisha kichwa, nami naweka mkono juu yake na kusema, "Enda, mutoto wangu, urudi." Zamani ulipiga magoti ili nikufikie. Siku hizi unainama tu.

Kesho unasafiri tena, na safari hii si ya kurudi jioni. Gari la machimbo ya dhahabu linaondoka asubuhi. Mfuko wako uko karibu na mlango, na koleo limefungwa juu yake kwa kamba ya mpira. Mama mwingine angeandika hapa habari za blanketi, za kuchemsha maji, za kutoshuka shimoni mvua ikinyesha. Hayo yote mama yangu, mke wako, amekwisha kukuambia tangu jana, na ataendelea kuyasema mpaka gari liwashe. Mimi naandika juu ya lile jambo ambalo sisi sote nyumbani tunalipita kwa kuambaa ukuta, kama mbwa mkali anayelala njiani.

Mwanangu, hujapimwa.

Naandika mchana huu kwa sababu umekwenda kwenye parkingi kuwaaga motari wenzako, wale wa pikipiki za abiria, mama yuko sokoni na unga wake, na mdogo wangu Baraka anasukuma tairi uani. Nikingoja urudi, sauti itanipotea. Unanijua. Shuleni mwalimu alikuwa akiniambia nirudie jibu, nami narudia kwa sauti ndogo kuliko ile ya kwanza, darasa zima linacheka. Watu wakaamua kwamba mimi ni mpole. Mimi si mpole. Nina sauti ndogo, basi, na chini yake nina hasira ya siku nyingi. Leo naiandika.

Nianzie pale ilipoanzia. Mama alikuwa na mimba ya Baraka. Mimi nilikuwa bado shule ya msingi, lakini nilitosha kumbebea mfuko wake alipokwenda kupimwa mimba kwenye kituo cha afya cha kartye, sentre kama mnavyoiita. Pale walikuwa wameweka sheria yao: mwanamke anayekuja na mume wake anapita kwanza. Anayekuja peke yake anangoja mpaka wenye waume waishe. Walisema ni njia ya kuwaleta wanaume. Waume hawakuja. Wanawake ndio waliokaa juani na matumbo yao, wakingoja adhabu ya watu wengine iishe.

Nakumbuka muuguzi alitoka mlangoni akamwangalia mama kutoka juu mpaka chini.

"Mama, bwana yako iko wapi?"

"Iko ku kazi."

"Kila siku ku kazi. Benye kuwa hapa mbele, babwana yao haina kazi?"

Wanawake walicheka. Hata wale waliokuwa peke yao walicheka, ili wasionekane kwamba wao pia wako peke yao. Mama aliinama akajifanya kunifunga viatu, na viatu vyangu vilikuwa ndala.

Jioni alikuambia. Ulikuwa unakula. Ulijibu huku mdomo umejaa: "Miye napeleka bagonjwa ku sentre kila siku. Kama napeleka watu, mimi pia nakuwa mugonjwa? Damu yangu ni damu ya kazi, hapana ya kuweka ku chupa." Ukaomba maji. Mazungumzo yakaishia hapo. Mazungumzo mengi ya nyumba hii huishia kwenye maji.

Basi mama akafanya wanavyofanya wanawake wengi wa pale. Aliazima mume. Usiseme hujui desturi hiyo, kwa maana ilizaliwa katika parkingi yenu. Pale nje ya lango la kituo, motari wanangoja wateja, na kila mwanamke anajua nani kati yao anakubali kuingia naye ndani kwa nusu saa, kuitikia jina la mtu mwingine, na kutoka. Wanawaita bwana ya muda. Aliyekuwepo siku ile alikuwa rafiki yako, Papa Jolie.

Alivua helmeti, akajifuta vumbi usoni kama anayekwenda kanisani. Tulipofika mlangoni akamnong'oneza mama, "Sasa miye naitwa nani?" Mama aliona haya, akashindwa kutamka jina lako mbele ya mwanaume mwingine. Mimi ndiye niliyemwambia. Nilifurahi hata, kwa sababu nilijua jibu. Jina lako nilimpa mimi, mwanangu, kwa sauti hii hii ndogo, na kwa bahati mbaya siku ile ilisikika.

Muuguzi yule yule alipomwona aliinuka. "Karibu papa, karibu. Babwana kama weye ndiyo tunatafuta." Wakamkalisha mbele. Wakampa mama kiti. Unaona jinsi heshima yake ilivyokuja? Ilikuja na mwanaume asiye wake. Wakawachoma kidole wote wawili, wakawaita wote wawili chumbani, wakafunga mlango.

Papa Jolie alitoka wa kwanza. Mtu yule hawezi kupita mbuzi bila kumtania, lakini siku ile alivaa helmeti yake akiwa bado ndani ya uzio, akasimama karibu na pikipiki bila kuiwasha. Mama alipotoka, alimwambia maneno machache tu: "Mama Vero, pole. Kinywa yangu imefungwa." Akatupeleka mpaka nyumbani, na hakupita njia ya parkingi.

Nilikuwa mdogo, sikuelewa. Sasa naelewa, na kila nikifikiri damu inanichemka. Walimpima mama wakamkuta na virusi vya ukimwi, na mtu wa kwanza kuambiwa habari ya mwili wake alikuwa mtu wa parkingi. Hakuwa ndugu. Hakuwa mume. Aliambiwa kwa sababu alikuwa amekaa mahali ambapo wewe hukukaa. Sheria yao nzuri ya kuleta waume ndiyo iliyofanya hivyo, na hakuna hata mmoja pale aliyeuliza kama mwanamke alitaka kusikia jambo lile akiwa na mtu. Na wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa umbali wa kutupa jiwe, unangoja mteja.

Papa Jolie alishika ahadi yake kuhusu ugonjwa. Lakini habari kwamba alikuwa bwana ya muda wa mke wako hakuweza kuizuia, kwa sababu motari mwingine alimwona akiingia. Jioni ulirudi nyumbani mapema, shingo imevimba. Walikuwa wamekuuliza mbele ya watu, "Papa Vero, siku hizi unamuendesha Mama Vero zamu kwa zamu?" Ulimkaripia mama mpaka majirani wakazima redio zao ili wasikie vizuri. Alikuacha umalize, kisha akakuambia majibu, yake na ya Papa Jolie.

Nilikuwa nyuma ya pazia. Nilingoja useme jambo. Ukasema, "Ulitoa wapi?"

Ulitoa wapi. Mwanamke ambaye hajawahi kulala nje ya nyumba yako. Wewe unayelala Tchomia samaki wakichelewa, unayelala Ariwara barabara ikifungwa. Sikushtaki kwa kulala huko, sikuwepo, sijui. Nasema tu kwamba swali lilikuwa moja nanyi mlikuwa wawili, nawe ulimpa yeye peke yake.

Wiki iliyofuata ukapata jibu lako, jibu ambalo umekaa ndani yake mpaka leo. Kituo kilimtuma mama mmoja wa kujitolea apite kwa waume wa wote waliokutwa na virusi, naye akaja nyumbani kwa adabu kukuomba uende. Ukamkaribisha, ukampa kiti, ukacheka. "Mama, miye walikwisha nipima. Angalia kule ku sentre, bwana ya Mama Vero ni muzima." Yule mama akaangalia daftari lake, na kwao ilikuwa kweli: mume wa Mama Vero amepimwa, yuko safi. Akaaga akaenda. Ukamgeukia mama ukasema, "Weye ulinitafutia damu nzuri. Sasa niache nikae nayo."

Ulisema kama mzaha, na mzaha ule umeishi kuliko mizaha yako yote. Kila anayekuuliza, unamjibu hivyo. Kaka yake mama alikuuliza msibani, ukajibu hivyo. Mwanangu, umejificha ndani ya damu ya mtu mwingine, na kila mwaka unaopita inazidi kukubana.

Sasa nikuambie lile usiloliona, kwa sababu siku ya mardi, yaani Jumanne, wewe huwa hupiti barabara ile. Watu wanaochukua dawa za virusi wamepewa siku yao, mardi, na wamepewa benchi lao. Limewekwa varandani, linaangalia barabara, kwa sababu chumba ni kidogo. Nani aliyefikiri kwamba benchi la watu hao liangalie barabara? Kule nyuma kuna uwanja mzima, kuna kivuli, pamewekwa ndoo na mafagio. Mafagio yamefichwa, watu wamewekwa hadharani. Wavulana wanaopita wanasalimu kwa heshima ya uongo: "Watu ya mardi, tunawaamukia." Kartye nzima haisemi tena jina la ugonjwa. Inasema tu, ule ni mutu ya mardi.

Mama anakwenda pale kitenge kimefunika kichwa hadi macho, hata jua likiwa kali. Akipewa chupa yake ya dawa, hatoki nayo, kwa sababu vidonge vinapiga kelele ndani ya chupa na barabarani kila mtu anajua kelele ile. Anavimimina kwenye kitambaa, anakunja, anafunga kifuani. Nyumbani anavitia ndani ya debe la unga, chini kabisa. Unadhani anawaficha majirani? Majirani walikwisha jua. Anakuficha wewe. Kwa sababu siku ile ya hasira ulisema kwamba atakayeonekana na dawa ndiye aliyeleta ugonjwa. Kwa hiyo mama yangu amekula dawa yake miaka yote kama mtu anayeiba.

Mimi nilimsaidia kuiba. Wewe ukiingia ghafla, nilikuwa napiga chafya au naangusha sufuria. Nilidhani huo ni msaada. Sasa naona kwamba nilikuwa nakusaidia wewe usione, na hilo ndilo somo langu la kwanza ambalo sikulipata shuleni: ukimfichia mtu jambo analolijua, unamfundisha kwamba ana haki ya kutolijua.

Baraka alizaliwa. Walimpima, wakampima tena, akatoka mzima. Ulicheza katikati ya ua, ukamrusha juu, ukawaambia wageni, "Muliona? Ndiyo damu yangu hii." Wageni wakapiga makofi. Mimi nilikwenda nyuma ya jiko nikauma kitenge changu. Si damu yako, mwanangu. Baraka ni mzima kwa sababu mwanamke mmoja alikula vidonge vyenye unga wa mahindi gizani, akiwa na kichefuchefu, bila mtu wa kumpa maji. Ulipokea pongezi za kazi ambayo uliikataza.

Ningeweza kuacha hapo kama hasira yangu ingekuwa ya mama peke yake. Nilipokuwa darasa la mwisho ila moja, nilitaka kujua hali yangu pia. Nilikwenda peke yangu. Muuguzi akaniuliza miaka yangu, kisha akasema mbele ya foleni, "Weye mutoto, unatafuta nini huku? Rudi na papa yako aweke sahihi." Mtu mmoja nyuma yangu akafanya, "Mm." Ile "mm" ilinisindikiza mpaka nyumbani.

Nikaja kwako. Unakumbuka? Ulikuwa unaosha pikipiki. Nilijikaza nikasema, ukacheka ukanimwagia povu miguuni. "Mama yangu apimwe nini? Mama yangu ni mutakatifu." Nikasema tena. Cheko likaisha usoni mwako, ukaendelea kuosha tairi lililokwisha kuoshwa. Hapo ndipo nilipokujua, mwanangu. Nilikuwa nadhani una kiburi. Siku ile niliona una woga. Uliogopa kwamba binti akipimwa, swali litakalofuata ni la baba. Nikawa msichana anayehitaji sahihi ya mtu anayeogopa kalamu.

Sikukasirika na woga wako. Kila mtu anaogopa. Nilikasirika kwamba sote tulitakiwa kuishi kwa kipimo cha woga wako.

Mwaka huu nimemaliza shule, nimefikisha umri, nikarudi pale bila kumwomba mtu. Mara ya kwanza wakasema vipimo vimeisha, barabara haipitiki, rudi. Nikarudi, mwenye chumba amekwenda kwenye mafunzo. Nikarudi tena. Fikiria mtu anayejilazimisha namna ile, anajifunga moyo asubuhi, anafika, anaambiwa rudi. Wangapi hurudi? Halafu wanasema kwenye redio kwamba watu wa huku ni wagumu kuelewa. Mimi nilirudi kwa sababu ya hasira. Asiye na hasira angefanya nini?

Nimepimwa. Sina virusi. Siandiki ili unisifu. Ningekuwa navyo, ningekuandikia barua hii hii, na ningeiandika kwa herufi kubwa zaidi.

Siku ile nilimuuliza muuguzi mpya, kijana mwenye miwani, kuhusu mtu anayekwenda machimbo. Alinijibu taratibu bila kuniuliza mtu huyo ni nani. Alisema akikutwa na virusi anaanza dawa siku ile ile, anapewa za kutosha kumfikisha, na karatasi ya kumtambulisha kwenye kituo kilicho karibu na huko, ili asianze upya kujieleza kama mshtakiwa. Asipokutwa navyo, anaambiwa arudie baadaye. Lakini akienda bila kupimwa, alisema, huko juu hakuna anayepima. Kuna vibanda tu vinavyouza vidonge kutoka kwenye ndoo, rangi kwa rangi, na mtu anayekohoa anauziwa vyekundu.

Nawe unakohoa, Papa. Samahani, hapa nimekuita Papa.

Unakohoa tangu kabla ya mitihani yangu. Unasema ni vumbi la Bunia, na sote tunakohoa vumbi la Bunia, lakini vumbi halili nyama ya mtu. Juzi nilikuona umekaa mlangoni na msumari, unatoboa tundu jipya kwenye mkanda wako, ndani zaidi ya yale mengine. Uliponiona ulisema mkanda umelegea. Mkanda haulegei. Pikipiki umeiuza ukisema dhahabu inalipa zaidi, lakini mimi nilikuwa nakuangalia wiki za mwisho ukishindwa kuisimamisha kwa mguu mmoja. Huendi machimbo kwa sababu una nguvu. Unakwenda mahali ambapo hakuna atakayekuona ukipungua.

Angalia nyumba yetu vizuri kabla hujaondoka. Mama, mutu ya mardi, anabeba gunia la unga kichwani kutoka kinuni mpaka sokoni na bado anatania wateja. Wewe, muzima wa kwenye vitabu vya sentre, unapumzika katikati ya ua ukienda kuoga. Nani mgonjwa hapa? Mnayemwonea haya ndiye anayetulisha.

Sitaki kukuhubiria. Mahubiri umesikia, na wewe ni hodari wa kusema amina. Nataka kukukumbusha hadithi yako mwenyewe, ile unayoisimulia kila siku ya sikukuu mpaka machozi ya kicheko yanakutoka. Ulikuwa mtoto mdogo Butembo. Wachanjaji walikuja, wakaweka benchi mbele ya shule, nawe ulipoona sindano ukakimbia ukajificha kwenye shamba la maharagwe. Watoto wengine mama zao waliwafuata na fimbo. Mama yako Veronika hakukufuata. Alikwenda akakaa yeye kwenye benchi, mtu mzima katikati ya watoto, akakunja mkono wa blauzi yake, akamwambia mchanjaji, "Anza na miye." Mchanjaji akasema dawa hii ni ya watoto. Akajibu, "Basi nichome na sindano yenye haina kitu. Mutoto iko anaangalia." Watu wakacheka. Yeye akakaa vile vile na mkono wake wazi, anaangalia mbele, mpaka maharagwe yakatikisika na wewe ukatoka.

Kila ukiisimulia unamalizia hivi: "Ndiyo maana nilirudisha jina lake. Ule mama alikubali kuchekwa kwa ajili yangu."

Basi sikia. Kesho ni mardi. Gari la machimbo haliwezi kuondoka kabla jua halijapanda, kwa sababu linangoja askari waseme barabara iko wazi, na likitoka linapita mbele ya kituo cha afya. Kituo kinafunguliwa mapema kuliko hapo. Kwa hiyo kesho, utakapoamka, usinitafute nyumbani. Usije kuinamisha kichwa chako mlangoni, hutanikuta. Nitakuwa nimekaa kwenye benchi la mardi.

Unajua maana yake. Wanakwaya wanapita pale wakienda mazoezini. Wasichana niliomaliza nao wanapita wakienda sokoni. Kabla ya saa sita kartye nzima itakuwa imesema kwamba Vero, yule mpole, naye ni mutu ya mardi, na mama fulani atamwambia mwanawe asinisalimie tena. Mimi ambaye nashindwa kuagiza mkate dukani kama kuna watu. Lakini nimeona kwamba benchi lile linaogopesha kwa sababu wanaokaa pale wote wanafunika kichwa. Mimi sitafunika. Nitavaa nguo yangu ya kupokea diploma.

Hakuna mtu atakayeingia na jina lako kesho. Papa Jolie nimekwisha kumwambia. Nilimkuta langoni nilipokwenda kupimwa. Alitaka kufanya mzaha, akaacha, akasema, "Mwambie papa yako nimechoka kuwa muzima kwa ajili yake." Halafu akavua helmeti yake, sijui kwa nini, akasimama nayo mkononi mpaka nikapita. Mimi ndiye niliyempa jina lako, nami ndiye ninayetaka lirudi kwako. Uingie nalo wewe, uwaambie ni lako, uwape kidole chako. Kama watauliza yule wa kwanza alikuwa nani, wacha waulize. Wana mengi ya kujibu wao pia.

Ukipita ukiwa juu ya gari na usishuke, nitakuona. Sitapiga kelele, hata nikitaka siwezi. Nitakuangalia tu mpaka gari lipinde. Lakini mkono wangu hautakufikia huko juu, na hujawahi kwenda safari yoyote bila mkono huu.

Ukija kwa miguu, utakuta nafasi. Benchi lile lina ncha mbili, moja karibu na barabara, nyingine karibu na ukuta, penye kivuli, ambapo mtu akipita haoni sana. Nimekwisha kuliangalia. Nitakaa mimi upande wa barabara. Wa ukuta ni wako. Wakitaka kucheka, wataniona mimi kwanza. Na utakapotoka kule ndani, jibu likiwa lolote, inamisha kichwa.

Mama yako,
Veronika